Re: Maneno ya kigeni kwenye magazeti ya Kiuzbeki

Ndugu, umeuliza utajuaje kama neno kwenye gazeti la Kiuzbeki (lugha ya Uzbekistan) limetoka Kirusi au Kiarabu. Anza na mwisho wa neno. Yenye -siya au -tsiya, kama redaksiya na inflyatsiya, karibu yote yamepitia Kirusi. Herufi ц ya Kirusi huandikwa ts ikiwa kati ya irabu, na s mwanzoni mwa neno au baada ya konsonanti: militsiya, lakini sirk na aksiya. Usiishie kwenye -iya tu, utateleza: moliya (fedha) na adliya (sheria) ni Kiarabu kitupu.

Kisha tazama kile kialama cha juu ('). Katika ma'no (maana) na e'lon (tangazo) kinashika nafasi ya herufi ain ya Kiarabu. Katika o' na g' ni sehemu ya herufi yenyewe, hakisemi lolote kuhusu asili. Wengi huchapa alama moja kwa zote, ndipo wageni wanapochanganyikiwa.

Baada ya sheria ya lugha ya Uzbekistan ya 1989, maneno kadhaa ya Kirusi yaliwekewa mbadala: muharrir (ndiyo, mhariri wetu) alichukua nafasi ya redaktor, na viloyat (mkoa) ikaiondoa oblast. Jumhuriyat (jamhuri) ilijaribiwa, ila respublika haikung'oka. Ro'znoma (gazeti) nayo haijaweza kuizima gazeta.