Jibu: Kwa nini wanaokuunga mkono pembeni hunyamaza kikaoni

Ndugu, umeuliza kwa nini watu wanaokubaliana nawe pembeni hunyamaza kikaoni. Kwa wengi sioni kwamba ni unafiki. Katika majaribio aliyochapisha mwaka 1951, mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani aliwaonyesha watu mistari na kuuliza upi unalingana kwa urefu na mwingine. Jambo la wazi, hata mtoto angejibu. Lakini waliotangulia kujibu walikuwa wamepangwa wataje jibu lisilo sahihi, na takriban theluthi moja ya majibu ya waliopimwa yakafuata kosa hilo. Ikiwa ni hivyo kwa mistari, sembuse kodi au uchaguzi!

Kinachonipa moyo ni kwamba alipowekwa mtu mmoja tu wa kutaja jibu sahihi, kufuata mkumbo kulipungua sana. Kwa hiyo ongea mapema, kabla msemaji wa tatu hajarudia ya wa kwanza, na utoe sababu. "Napinga" pekee haimsaidii aliyekaa nyuma; "napinga kwa sababu hesabu za mwaka jana hatujaziona" inampa pa kushikia. Akiinuka mwenye hoja tofauti, msikilize hadi mwisho, tafadhali. Wanaosita wanakutazama.