Hata Mombasa Hajafika

Mhariri, swali lenu la wiki hii lasema: "Ni rafiki gani aliyekupanulia upeo wako, na unamshukuru vipi?" Lilisomwa kwa sauti barazani kwetu hapa Wete, Pemba, na karibu kila mtu alimtaja rafiki aliyetoka nje: huyu kasoma Uturuki, yule kafanya kazi Maskati, mwingine kaolewa London. Wangu mimi hajafika hata Mombasa, ambako nusu ya Pemba ina jamaa. Unguja amekwenda kwa harusi na kwa hospitali, akarudi na meli ya kwanza aliyoipata. Jina lake kaniomba nisilitie gazetini, basi nitamwita mwenzangu.

Mwenzangu analima mwani. Mimi nashona kofia za viua, na kabla ya kujuana naye mazungumzo yangu yalikuwa uzi, bei ya uzi, na nani kaposwa. Sioni aibu kwa hilo. Kofia ya viua ina hesabu zake na hukaa mkononi miezi. Ila nilikuwa sitoki hapo. Yeye alikuja kunipa kazi ya kofia ya mumewe, akakaa kusubiri nimwandikie kipimo, na hakuondoka mpaka magharibi.

Nianze na mwani wenyewe. Kilimo hiki kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, na baadaye Pemba ikawa ndiyo yenye mavuno makubwa. Wanaolima wengi ni wanawake. Bamvua likiingia na maji yakakupwa sana, wanateremka kufunga mbegu kwenye kamba. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanaanika, mnunuzi anapima, anaondoka na magunia. Miaka na miaka mambo yakenda hivyo, na aliyemkabili mnunuzi mbele ya mizani akamuuliza, "Baba, huko unakoupeleka mwani wetu unafanywa nini?" alikuwa yeye. Akaambiwa unapelekwa Denmark, Ufaransa, Marekani, unatolewa kitu cha kugandishia, na kitu hicho hutiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Siku ile ile alinijia na dawa ya meno mkononi. "Shoga, kumbe kila asubuhi unapiga mswaki kwa jasho langu!"

Tulicheka, lakini swali lilibaki nami. Uzi wangu je, unatoka wapi? Nani anausokota? Nilikuwa nimeshaununua maisha yangu yote bila ya kuuliza. Kwake pia ndiko nilikojifunza kwamba mwani wa cottonii, wenye bei nzuri, siku hizi unaoza kwa sababu maji yamekuwa moto, na wakulima wamebaki na spinosum unaonunuliwa kwa bei ndogo. Mimi, niliyezaliwa kisiwani, nilikuwa sijui kwamba bahari inaweza kuwa na homa.

Lakini jambo kubwa kati yetu ni popo. Popo wa Pemba ni mkubwa, mabawa yakikunjuliwa hupata mita moja na nusu na zaidi, manyoya yake ya rangi ya kutu, uso kama wa mbwa mdogo. Kwetu alikuwa mboga. Wazee waliokula hawafichi. Mimi nilimjua kama mwizi wa maembe na mashelisheli, basi. Mwenzangu akanipakia gari ya Chake, tukateremka njiani, tukatembea mpaka Kidike, ambako wananing'inia mchana kutwa juu ya miti, mamia kwa mamia, wakigombana na kujipepea kwa mabawa. Mume wangu alipoulizwa nimekwenda wapi, alijibu kwa unyonge: "Kenda kutazama popo." Mtaa mzima ulipata la kusema.

Na huko Kidike, tukiwa tumekaa chini ya miti tunakula mihogo, mwenzangu aliniambia kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria nasimamisha sindano. Popo huyu hapatikani popote duniani ila Pemba. Bara la Afrika, upana wake wote, halina hata mmoja wa ukoo wake. Ndugu zake wako Mafia, Komoro, Madagaska, wakaendelea mashariki mpaka India na Australia. Maana yake wazee wa popo wetu walivuka bahari kutoka huko mashariki, kama wageni wa kaskazi waliokuja na majahazi, wakashuka hapa wakaoa hapa. Kisha akanieleza habari ya mkondo wa bahari ulio kati yetu na bara. Unguja iliungana na bara zama zile za barafu bahari ilipopungua, kwa sababu maji ya kati ni machache. Mkondo wa Pemba ni kilindi kirefu mno, haukukauka. Ndiyo maana tuna njiwa wetu wa kijani, ndege chozi wetu, na vyenginevyo ambavyo Unguja hawana. (Waunguja msichukie, nanyi mna kima punju wenu.)

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilihofiwa popo hawa wangemalizika; waliobaki walikisiwa kuwa mia kadhaa tu. Wanakijiji, wa Kidike wakiwemo, wakaacha kuwinda, wakaanza kulinda, na hesabu za baadaye zilipata zaidi ya 20,000. Sasa nikiokota chini ya mwembe kapi la embe lililotafunwa likatemwa, simtukani mtu. Popo hunywa maji ya tunda akatema makapi, na mbegu huziangusha mbali na mti wa mama. Miti mingi ya msituni Ngezi inamhitaji.

Mambo mengine aliyonitia nitayapitia haraka. Kanifundisha kusoma maji kwa mwezi, jambo ambalo mshonaji halimsaidii kitu na bado nalipenda. Kanipeleka Pujini kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba. Jua lilikuwa kali, nikanung'unika njia nzima. Taarabu ya zamani ndiyo iliyonikaa zaidi. Mimi nilikuwa mtu wa rusha roho, nyimbo za mafumbo na kutupiana vijembe, na zile za kale nilizihesabu kuwa za vikongwe. Yeye hakubishana. Alikuwa na Siti binti Saad kwenye simu, sauti imejaa mikwaruzo, akasema, "Sikiliza maneno, muziki uache." Binti wa Fumba huyo, wa ukoo wa wafinyanzi, alipelekwa Bombay mwaka 1928 akarekodi kwa Kiswahili, wakati taarabu ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa Kiarabu. Na aliimba habari za mitaani: wanawake walioonewa, hukumu zilizowaacha wenye hatia wakapita. Vijembe vyangu vya rusha roho vilinipungukia chumvi kwa muda. Nimerudi kuvisikiliza, sisemi uongo, ila sasa najua vina bibi yao.

Ninachokithamini kwa mwenzangu ni kwamba hajawahi kunitaka nipende chochote. Nina jamaa wanaorudi safarini na mambo mapya, na kila jambo huja na mtihani: umeona? umeelewa? mbona hukushangaa? Mtu anajikuta anashangaa kwa adabu. Mwenzangu hupenda vitu vyake mbele yako, ukija utapata nafasi ya kukaa, usipokuja ataendelea peke yake. Nilipomwambia mpira wa miguu siutaki, alisema, "Haya," akageuka kutazama mechi. Wiki zilizofuata hakuutaja tena. Nadhani ndiyo sababu ya mimi kumfuata katika mengi.

Kuhusu kumshukuru, swali lenu ni gumu hapo. Kumwambia uso kwa uso siwezi, atanicheka. Lakini mwaka huu ameniomba nimfundishe viua. Mikono yake imezoea kamba na maji ya chumvi, sindano inamtoroka, na kila baada ya tundu mbili anauliza nani aliyeanzisha ua hili na kwa nini lina jina hili, maswali ambayo mengine imenibidi nikamuulize mama. Kofia yake ya kwanza haimfai mtu yeyote mwenye kichwa. Nimemshonea upya ukingo bila ya kumwambia.

Mkiichapa barua hii nitampelekea gazeti, na lalamiko lake nalijua tayari: popo kaandikwa, Siti kaandikwa, bundi wake je? Basi nimtaje. Pemba ina bundi mdogo wa peke yake, naye hapatikani kwengine kokote, na mwenzangu amenialika mara nyingi Ngezi usiku kumsikiliza. Hilo nimegoma. Bibi yangu alinilea kwamba bundi ni uchuro, ukimsikia juu ya paa unasoma dua unafunga dirisha, na mimi kumfuata uchuro kwake kwa miguu yangu siendi. Yeye amesema, "Haya."