Siku ile ya harusi

Mwanangu Hamisi,

Sura tatu za hadithi yako nimezisoma. Kwanza alinisomea binti wa jirani, kisha nikavaa miwani nikarudia mwenyewe. Nimeipenda. Kilichoninyima usingizi ni lile swali uliloliweka mwishoni: "Mama, siku ile ya harusi ulicheka nini?"

Kumbe unakumbuka.

Ulikuwa na miaka 9, kaka yako 11. Mmevaa kanzu za kitambaa kimoja, fundi mmoja. Yule mama akamshika Salimu kidevu, "Mashallah, kachukua weupe wa bibi yake," akaagiza aletewe soda. Wewe akakuambia ukasaidie kubeba viti. Kisha akaniuliza, nawe hujafika mbali, "Na huyu? Mtoto wa dada wa kazi?" Nikamjibu, "Wangu huyo," nikacheka.

Nilicheka kwa woga, mwanangu. Harusi ya watu, yeye mkubwa kwangu, na mumewe alikuwa anamdai baba yako. Miaka yote hii nimetafuta sababu nyingine, sijaipata. Ulipoinua viti nilikuona mgongo tu.

Sasa katika sura ya tatu mama anamwendea mwalimu mkuu, anagonga meza, ofisi nzima kimya. Mama mzuri huyo, ila mimi simjui. Hao watoto wa miaka 10 unaowaandikia huko Newark, Marekani, wako wenye mama aliyecheka. Mwache acheke kwanza. Meza ataigonga huko mbele, akiwa keshachelewa.

Kuhusu vitara, ule mchezo wa kupambana kwa panga nyembamba. Unasema umeuchagua mchezo huo kwa ajili ya Peter Westbrook, kijana aliyekulia hapo hapo Newark, baba Mmarekani mweusi, mama Mjapani, akaja kupata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Mimi nimeganda kwa mama yake. Eti alimhonga dola 5 aende mazoezini, aache kupigana mitaani! Nimecheka peke yangu jikoni. Mimi nilikuhonga maandazi utoke ndani, ukaenda uwanjani wakakupanga golini kwa kuwa hakuna aliyetaka kudaka. Glovu zako za kwanza nilizishona kwa soksi za baba yako, viganjani nikatia sponji ya godoro. Mvua ikinyesha zilikuwa zinanywa maji hadi zinakuvuta mikono chini, na huzivui.

Ndipo siku moja nikapita na kikapu cha samaki nikasikia mtu anafoka, "Yangu! Toka, yangu!" Nikageuka nimwone nani. Ni wewe, mtoto niliyekuwa nikimwambia kila siku asalimie wageni kwa sauti. Kombe hamkulipata, wala sidhani kama mlifika nusu fainali. Basi huyo kijana wa hadithi yako usimkimbize ashinde fainali ili yule aliyemdharau ampigie makofi. Akishinda, sawa, watoto wanapenda ushindi. Ila kabla ya hapo nataka nimsikie akisema "yangu". Kwenye vitara wanafokaje, wewe ndiye unayejua.

Kaka mtu ndiye hujamtendea haki. Umemfanya mweupe, mzuri, bubu. Wewe mwenyewe ulinisimulia habari za Keeth Smart na mdogo wake Erinn, waliotoka kwenye ile taasisi ya kufundisha vijana vitara aliyoianzisha Westbrook mwaka 1991, na Beijing 2008 kila mmoja akapata medali ya fedha na timu yake. Nyumba moja, medali mbili. Kwetu ilikuwa soda moja. Hukuniona siku ile, lakini nilikuwa nyuma ya turubai, kwenye masufuria. Nilimwona Salimu akikufuata kulikokuwa na viti, chupa kaificha ndani ya kanzu, akakupa, akashika ncha ya pili ya benchi.

Nimempigia jana kumuuliza kama anakumbuka. Anasema alikuachia nusu. Mimi niliiona ile chupa, Hamisi. Ilikuwa robo.

Mama yako