Hiyo flashi haina virusi, mkuu: umeuziwa GB 8 ndani ya ganda la GB 512

Mkuu mleta uzi, umesema umenunua flashi ya GB 512 kwa elfu kumi na tano, ukajaza humo video zote za harusi ya dada yako. Majina yanaonekana, ukubwa wa kila faili uko sawa, ila ukibonyeza hazifunguki isipokuwa chache za mwanzo. Fundi amekwambia ni virusi, anataka elfu tano avitoe. Mchangiaji wa tatu hapo juu naye kakazia kuwa ni virusi, anakushauri uifomati, yaani uifute yote na kuipanga upya.

Usifomati. Na hiyo elfu tano kaa nayo mfukoni. Kabla hujasoma chochote kingine nilichoandika, mpigie mpiga video wa harusi umwombe asifute video kwenye kompyuta yake. Piga leo, maana wale jamaa wakipata kazi ya wikiendi inayofuata wanasafisha diski kupata nafasi. Ukishampigia ndiyo urudi hapa tuendelee.

Mimi nina steshenari Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), huu ni mwaka wa saba. Mwisho wa muhula wanafunzi wakija kuchapa ripoti za utafiti, flashi zinapita mikononi mwangu kama sarafu mikononi mwa kondakta. Virusi vya flashi navijua kwa sura. Ukifungua flashi yenye virusi unakuta folda zako zimegeuka njia za mkato, zile zenye kimshale kwenye kona, kila moja ina KB moja au mbili tu. Faili zako halisi zimefichwa humohumo. Usibonyeze kile kimshale, maana ndicho kinachokiamsha kirusi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika attrib -h -r -s /s /d kisha herufi ya flashi yako, kwa mfano E:\*.*, na mafaili yanajitokeza yote. Halafu unapitisha antivirusi. Kazi ya dakika tano, na kwangu wanafunzi siwatozi.

Wewe hali yako ni nyingine kabisa. Kwako majina yapo, ukubwa upo, hakuna kimshale, ila ndani hamna kitu. Hiyo ni flashi iliyochakachuliwa, na inaniuma kila inapoitwa virusi, kwa sababu anayeambiwa "virusi" anaondoka akijilaumu kwamba alichomeka mahali pabaya, wakati aliibiwa mchana kweupe siku aliyoinunua.

Inavyofanyika ni hivi. Ndani ya flashi kuna chipu ya kuhifadhia, halafu kuna chipu ndogo ya msimamizi ambayo kazi yake ni kuzungumza na kompyuta. Kompyuta haina namna ya kufungua ganda ikahesabu. Inauliza tu, "Una nafasi kiasi gani?" na msimamizi anajibu. Mchakachuaji anachukua chipu ya GB 8, anabadilisha programu iliyo ndani ya msimamizi ili ajibu 512, anapachika ganda linalong'aa lenye jina la kampuni kubwa, basi. Windows inaonyesha 512, simu inaonyesha 512, hata muuzaji akikufungulia dukani uone kwa macho yako utaona 512. Unaanza kumwaga video. GB 8 za kwanza zinakaa kweli. Zinazofuata, kutegemea alivyochezea, ama zinatupwa ama zinarudi mwanzo kuandikwa juu ya zilizotangulia. Na kwa kuwa orodha ya majina inatunzwa mwanzoni, kwenye ile sehemu ya kweli, majina yote yanabaki. Ni kama daftari la ghala linaloonyesha magunia mia tano ya mtama, ukifungua mlango unakuta manane.

Ndiyo maana nakwambia usilipe mtu wa kurejesha data pia. Kilichofutwa kinaweza kurejeshwa. Ambacho hakikuwahi kuandikwa, hata ukimpa fundi milioni hana pa kukitoa.

Haya mambo sikuyasoma mahali nikayapenda. Julai 2019, baada ya mavuno, nilienda Mvumi kwa bibi mzaa mama. Bibi ni mpigaji wa muheme, zile ngoma za kina mama wa Kigogo wanazozibana mapajani. Nilitaka kumrekodi yeye na wenzake wakingali na nguvu. Kwenye basi nikirudi kutoka Morogoro wiki moja kabla, alikuwa amepanda kijana mwenye kapu la chaji na earphone, nikachukua kwake memori kadi ya GB 128 kwa elfu kumi na mbili. Nikaiweka kwenye simu, ikasoma 128, nikafurahi.

Siku mbili nilirekodi pale uani. Upepo wa Julai wa Dodoma mnaujua, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, kina mama wakajisogeza nyuma ya nyumba kuukwepa. Walipiga, wakaimba, wakapumzika, mmoja mkubwa kuliko wote akaanzisha wimbo ambao bibi mwenyewe alisema hakuwa ameusikia tangu aolewe. Wengine walikuwa wanaufuata nyuma, wanajifunza palepale. Nilipata vipande 46, jumla karibu saa nne. Jioni ya siku ya kwanza niliwaonyesha kipande cha kwanza kabisa, kikacheza vizuri, wakacheka kujiona. Hapo ndipo nilipoamini kila kitu kiko sawa. Kipande cha kwanza siku zote hucheza, kwa sababu kimekaa kwenye nafasi ya kweli.

Nilipofika nyumbani nikachomeka kadi kwenye kompyuta. Majina 46. Cha kwanza hadi cha 13, safi. Cha 14, skrini nyeusi na ujumbe kwamba faili haiwezi kuchezwa. Cha 15 vilevile. Nikaenda hadi cha 46, kimoja kimoja. Baadaye nilipoipima, ile kadi ilikuwa na GB 8, na kwa video za simu yangu, dakika moja ikila kama MB 130, hiyo ni saa moja tu. Ule wimbo ulikuwa kipande cha 31. Yule mama alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Nilipomweleza bibi, aliniuliza swali moja: "Sasa sauti yake mmeitia wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku hiyo hakuna flashi wala kadi inayoingia kwenye kazi yangu bila kupimwa. Kwa Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, iliyotoka kwenye jarida la kompyuta la Ujerumani linaloitwa c't. Haihitaji kusakinishwa, unaifungua tu. Inajaza flashi nzima kwa mafaili ya GB 1 yenye data inayoijua yenyewe, kisha inayasoma yote kuona kama kilichorudi ndicho kilichoandikwa. Mwisho inakwambia wazi ni kiasi gani kilikaa na kiasi gani kilipotea. Wa Linux na Mac watumie F3. Pima flashi ikiwa tupu na ikiwa mpya, ukiwa bado unakumbuka sura ya aliyekuuzia.

Inachukua muda, nawaambia mapema. Flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde, kujaza GB 64 ni karibu saa moja na dakika hamsini, na kusoma kuna muda wake tena. Hiyo yako ya 512 kwa mwendo huo ingekula zaidi ya saa 14. Iache usiku, umeme ukiwepo, ulale.

Kama huna kompyuta, fanya hivi kwa simu: chukua video moja kubwa, ikopi mara nyingi mpaka flashi iseme imejaa, ichomoe kabisa, irudishe, halafu fungua ya katikati na ya mwisho. Kuchomoa ni lazima, kwa sababu simu inaweza kukuchezea kilicho kwenye kumbukumbu yake yenyewe ukadhani kimetoka kwenye flashi.

Sasa kuna mambo mawili ambayo watu wananiletea wakilia wamepigwa, kumbe hawajapigwa, na muuzaji wa haki anatukanwa bure. La kwanza, flashi ya GB 64 kusoma 59.6. Hiyo ni halali. Kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824, halafu nayo inaiita GB. Gawanya bilioni 64 kwa hiyo namba utapata 59.6. Mwaka 1998 shirika la viwango vya umeme la kimataifa, IEC, lilitoa jina tofauti kwa kipimo hicho cha pili, gibibaiti, ili watu wasichanganywe. Windows mpaka leo imeendelea na jina la zamani. Mimi naona huo ni uzembe wa miaka mingi unaowagombanisha wateja na wauza duka, maana maelezo ya dukani ya "nyingine imeliwa na sistimu" hayatoshi na mteja anahisi anadanganywa.

La pili, flashi kukataa faili la GB 5 wakati ina nafasi tele. Hapo flashi imefomatiwa kwa mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja linalofika GB 4. Ukiifomati kwa exFAT, mfumo mwingine usio na kikomo hicho, tatizo limekwisha. Ila uwe mwangalifu: sabufa nyingi za sebuleni na redio za magari hazisomi exFAT, kwa hiyo flashi ya nyimbo iache na FAT32 yake. Kuna mzee wa Nkuhungu alinunua flashi tatu mfululizo akidhani zote mbovu, kumbe kila mara kijana wake alikuwa anaifomati exFAT apate kuweka muvi.

Pawabenki nazo zina uchakachuaji wa ndugu mmoja na huu, nitagusa tu. Seli moja ya 18650, ile ya duara iliyo kama betri ya tochi, ina uzito wa karibu gramu 45, na nyingi kati ya zile nzuri zinabeba kama mAh 3,500 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa). Kwa hiyo pawabenki ya mAh 30,000 inahitaji seli tisa hivi, zaidi ya gramu 400 kabla hujaweka ganda. Ukiishika ikawa nyepesi kuliko simu yako, irudishe mezani.

Mtu atasema, "Kwa elfu kumi na tano ulitegemea nini?" Hilo jibu silikubali hata kidogo. Anayenunua cha bei rahisi ana haki ya kupata kitu dhaifu, cha polepole, kinachokufa mapema. Hajakubali kuuziwa namba ya uongo. Kiroba kikiandikwa kilo 25 kikawa na kilo moja, hakuna anayemuuliza mnunuzi alitegemea nini. Bidhaa bandia nchini zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na lalamiko lako linapelekwa huko. Chukua flashi, risiti kama unayo, na matokeo ya H2testw uyapige picha. Picha inayoonyesha kilichokaa na kilichopotea haibishaniki.

Tena kifaa chenyewe hakistahili kufanyiwa hivi. Kumbukumbu za aina hii alizianzisha Fujio Masuoka akiwa Toshiba, Japani, miaka ya 1980, na jina flashi lilipendekezwa na mwenzake kwa sababu ile namna data inavyofutika kwa mkupuo ilimkumbusha mmweko wa kamera. Kitu kidogo kama kucha, hakina kinachozunguka ndani, kinabeba sauti ya bibi yako kutoka Mvumi hadi popote. Kila ninapokishika bado nakistaajabu.

Hiyo yako ya 512, toa zile video za mwanzo zinazofunguka uziweke mahali pengine, ipime kwa H2testw upate ushahidi, kisha usiandike tena kitu juu yake. Kuna njia ya kuipunguza isome GB 8 zake za kweli, F3 inaweza, ila chipu zinazotumika kwenye uchakachuaji mara nyingi ni zile zilizokataliwa kiwandani. Mimi nisingeweka humo hata nyimbo.

Ya kwangu ya 2019 ninayo bado, ipo kwenye droo ya kaunta. Mteja akija na flashi ya miujiza namtolea, nachomeka, namwonyesha 128, halafu namfungulia kipande cha 31. Mwaka huu mtama ukishavunwa narudi Mvumi. Bibi amesema maneno ya ule wimbo anayakumbuka nusu, na kuna mama mmoja wa kitongoji cha pili anayeweza kuwa na nusu nyingine. Nimeandaa kadi mbili za GB 64, zote zimepimwa mwanzo mwisho, na nitarekodi kila kipande mara mbili.

Mpiga video amesemaje? Andika hapa nijue kama zipo.