Haidrokaboni kwa Kidato cha Nne: chora kwanza, kariri baadaye

Ukipitia madaftari ya kemia ya Kidato cha Nne, iwe Mkoani, Pemba, au Kiembesamaki, Unguja, kosa linalojirudia kwenye haidrokaboni (kampaundi za kaboni na haidrojeni tupu) ni moja: kaboni yenye vifungo vitano. Mwanafunzi kakariri jina, kakariri fomula ya jumla, na ukimuuliza anaitamka bila ya kusita. Mwambie achore 2-methilibutani. Atachora mnyororo wa butani, kaboni nne, atabandika methili (tawi la kaboni moja) kwenye kaboni ya pili, na haidrojeni aliyotakiwa kuiondoa hapo ataiacha. Alama zimekwenda.

Kaboni hufunga vifungo vinne, haidrojeni hufunga kimoja. Majina, isoma (molekuli zenye fomula moja lakini zilizoungwa tofauti), maji ya bromini, hata hesabu za mwako, vyote vinatoka hapo. Kwa hivyo wiki ya kwanza ya mada hii usikariri kitu zaidi ya viambishi kumi vya majina, vya kaboni moja mpaka kumi: meth, eth, prop, but, pent, heks, hept, okt, non, dek. Muda unaobaki wote uwe wa penseli na karatasi, na ikiwezekana mikono iguse kitu.

Skuli nyingi hazina modeli za plastiki, na wala hazihitajiki. Kanda nusu kikombe cha unga wa ngano na robo kikombe cha chumvi, maji kidogo kidogo mpaka donge lisinate mkononi. Chumvi inauzuia unga usioze. Finyanga madonge matano ya kadiri ya ndimu ndogo, uyapake masizi. Hizo ni kaboni. Finyanga na mengine kumi na mbili madogo, uyaache meupe. Hizo ni haidrojeni. Vijiti vya mishikaki vikate vipande 16 vya sentimita 4. Hapo una pentani nzima, C₅H₁₂, na hakuna kijiti kitakachobaki. Kikibaki kijiti, au donge likiwa halina pa kushika, umekosea mahali. Alkani (haidrokaboni yenye vifungo vya kimoja kimoja tu) yoyote iliyonyooka au yenye matawi ina vifungo 3n+1, n ikiwa idadi ya kaboni: propani 10, butani 13, pentani 16. Hata kwenye mtihani, ukishachora, hesabu mistari. Ni sekunde tano tu.

Unapochomeka vijiti kwenye kaboni usiviweke msalaba kama vinavyoonekana ubaoni. Vifungo husukumana, kila kimoja kinataka kuwa mbali na wenzake, ndiyo maana kwenye methani pembe kati yao ni nyuzi 109.5. Ukiviweka hivyo utaona mnyororo wa pentani haunyooki hata kidogo, unakwenda kwa kupinda. Sasa shika ncha moja uizungushe. Umbo limebadilika, lakini hujachomoa kijiti. Basi hiyo bado ni pentani ile ile. Mwanafunzi aliyeizungusha kwa mkono wake hachori tena butani yenye kona akaiita isoma mpya, na kosa hilo ndilo la pili kwa wingi.

Tukifika kwenye majina: alkani huishia na -ani, alkeni (zenye kifungo maradufu) -eni, alkaini (zenye kifungo cha mara tatu) -aini. Kwenye karatasi ya mtihani maandishi ni ya Kiingereza na tofauti ni herufi moja tu, a, e au y, kwa hivyo mwandiko wa kuvuruga unaweza kukugeuzia kampaundi. "Metheni" haipo, kwa sababu kifungo maradufu kinataka kaboni mbili. Mfululizo wa alkeni unaanzia etheni.

Kanuni ya kutaja ni kutafuta mnyororo mrefu kuliko yote, kisha kuhesabu kutoka ncha iliyo karibu na tawi. Kwenye alkeni hesabu inaanza ncha iliyo karibu na kifungo maradufu, hata kama tawi litapata namba kubwa. Ndiyo maana tunasema 3-methilibut-1-eni na si 2-methilibut-3-eni. Kuna majina ambayo ukiyaandika mwalimu anajua papo hapo kwamba hukuuona mnyororo mrefu. "1-methilibutani" ni pentani iliyopinda mwishoni. "2-ethilipropani" ni 2-methilibutani, maana ethili ile, tawi la kaboni mbili, ni sehemu ya mnyororo mkuu. Kwenye mnyororo wa alkani methili haikai kwenye kaboni ya kwanza, na ethili haikai ya kwanza wala ya pili. Liweke hilo kichwani, utajisahihisha mwenyewe.

Isoma watu huzitafuta kwa kubahatisha, na hapo ndipo wanapopoteza muda. Fanya kwa mpangilio. Chukua C₆H₁₄. Chora kaboni sita zilizonyooka: heksani. Punguza mnyororo uwe wa kaboni tano, ile moja iwe tawi. Ikikaa ya pili ni 2-methilipentani, ya tatu ni 3-methilipentani. Ya nne ni sawa na ya pili ukihesabu kutoka upande wa pili, kwa hivyo simama. Punguza tena, kaboni nne na matawi mawili: yote mawili kwenye ya pili, au moja ya pili na jingine ya tatu. Jumla tano. Mnyororo wa kaboni tatu ungehitaji matawi matatu, lakini kaboni ya kati ina nafasi mbili tu. Umemaliza, na unajua kwamba umemaliza. Pentani zinatoka tatu, butani mbili. Oktani zina isoma 18 na dekani 75, na hizo mtahini mwenye huruma hakuulizi.

Isoma si mchezo wa kuchora tu. Pentani huchemka kwenye nyuzi 36 za Selsiasi, 2-methilibutani kwenye 28, na 2,2-dimethilipropani kwenye 9.5. Fomula moja, uzito mmoja. Molekuli iliyonyooka inagusana na jirani yake kwa urefu wote, na ile yenye matawi ni kama mpira, inagusa kidogo tu, kwa hivyo nguvu za kuzishikanisha ni ndogo. Ukiulizwa sababu, usiandike kwamba "vifungo vya kaboni vinakatika". Maji au pentani ikichemka hakuna kifungo kinachokatika ndani ya molekuli.

Kwenye alkeni ya C₄H₈ kuna but-1-eni, but-2-eni na 2-methilipropeni. Lakini swali likisema tu "isoma za C₄H₈" bila ya kutaja alkeni, kumbuka na pete: saiklobutani na methilisaiklopropani nazo zina fomula hiyo hiyo. Kila jozi ya haidrojeni inayopungua kutoka CₙH₂ₙ₊₂, fomula ya alkani, ni kifungo maradufu kimoja au pete moja. Chukua ganda la chungwa, likamue mbele ya mwali wa mshumaa: vile vimulimuli vinavyoruka ni limonini, C₁₀H₁₆. Dekani ina haidrojeni 22, hapa zimepungua sita, yaani jozi tatu. Limonini ina vifungo maradufu viwili na pete moja. Mahesabu yanakubali. Mafuta ya karafuu yanayokamuliwa kutoka makonyo (vijiti vya karafuu) kule Wawi, Pemba, yanachanganya zaidi: sehemu kubwa ni yujenoli, C₁₀H₁₂O₂, na hiyo si haidrokaboni kwa sababu ina oksijeni, lakini ndani yake imo pia karayofilini, C₁₅H₂₄, ambayo ni haidrokaboni kamili. Harufu haikwambii kundi. Fomula ndiyo inayokwambia.

Maabara sasa. Kutengeneza etheni, chukua ethanoli kipimo kimoja na asidi kali ya salfuriki vipimo viwili kwa ujazo. Asidi ndiyo inayotiwa ndani ya ethanoli, kidogo kidogo, huku chupa ikipozwa kwenye maji. Tia mchanga safi kidogo kupunguza povu. Pasha moto haraka mpaka nyuzi 170 hadi 180. Ukichelewa kwenye nyuzi 140 na ethanoli ni nyingi, utapata etha badala ya etheni. Gesi ipitishe kwanza kwenye mmumunyo wa haidroksaidi ya sodiamu, ndipo uikusanye juu ya maji. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu jaribio zima. Asidi ile huiunguza sehemu ya ethanoli, ikatoa dioksaidi ya salfa, na dioksaidi ya salfa nayo huondoa rangi ya maji ya bromini. Hukuiosha gesi, maji ya bromini yakapoteza rangi, ukashangilia etheni ambayo pengine hukuiona. Na ukimaliza, toa mrija ndani ya maji kwanza, ndipo uzime moto. Ukifanya kinyume chake, chupa inapoa, inavuta maji baridi, yanafika kwenye asidi ya nyuzi mia na sabini, na kioo kinapasuka.

Methani ni rahisi: ethanoeti ya sodiamu kavu na soda-laimu, moto mkali, neli iinamishwe kidogo upande wa mdomo ili unyevu usirudi kwenye sehemu yenye moto. Kwa ethaini, maji yadondoshwe tone kwa tone juu ya kabaidi ya kalsiamu iliyowekwa juu ya mchanga, CaC₂ + 2H₂O → C₂H₂ + Ca(OH)₂. Ile harufu mbaya si ya ethaini, ni ya fosfini iliyomo kwenye uchafu wa kabaidi, nayo huondolewa kwa mmumunyo wa salfeti ya kopa. Mawe haya ndiyo yale ya mafundi wa kuchomelea vyuma.

Maji ya bromini yana rangi ya machungwa au kahawia. Yakikutana na alkeni au alkaini, yanabaki bila ya rangi. Usiandike "yanakuwa meupe". Maziwa ndiyo meupe. Alkani gizani haiyabadilishi, lakini kwenye jua la mchana alkani na bromini huanza kuathiriana taratibu, na dirishani Zanzibar jua halikosekani. Fanyeni jaribio kivulini, msije mkaipa heksani sifa isiyo yake. Kuitenganisha ethaini na etheni bromini haitoshi. Nitreti ya fedha iliyotiwa amonia hutoa mashapo meupe kwa ethaini na hakuna kitu kwa etheni. Mashapo hayo yaharibiwe kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa yangali mabichi, yakikauka hulipuka.

Methani na klorini kwenye mwanga hutoa CH₃Cl na HCl. Ile HCl ndiyo inayosahauliwa. Haidrojeni moja inatoka, klorini moja inaingia, na klorini ya pili ya Cl₂ inaondoka na haidrojeni iliyotoka. Etheni nayo haitoi kitu: Br₂ yote inaingia, CH₂BrCH₂Br, kwa sababu kifungo cha pili kimefunguka na nafasi mbili zimepatikana. Hesabu vifungo vinne, na tofauti ya kubadilishana na kuongezeka unaiona bila ya kukariri.

Gesi ya mtungi wa jikoni ni propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi −42, butani kwenye −0.5, kwa hivyo kwa joto letu zote ni gesi. Kimiminika ndani ya mtungi kipo kwa sababu ya mgandamizo. Uzito wa molekuli ni 44 na 58, hewa ni kama 29. Gesi ikivuja inatambaa chini. Fungua milango, dirisha la juu pekee halisaidii, na swichi ya taa usiiguse. Kutafuta panapovuja tumia povu la sabuni, kamwe si kibiriti. Mwali wa njano unaotia masizi kwenye sufuria unakwambia hewa haitoshi: kaboni nyingine haikuungua, na monoksaidi ya kaboni inatoka, haina rangi wala harufu.

Kusawazisha mlinganyo wa mwako anza na kaboni, kisha haidrojeni, oksijeni mwisho. Butani: kaboni nne, CO₂ nne, haidrojeni kumi, maji matano, oksijeni jumla atomu 13, yaani O₂ sita na nusu. Zidisha vyote kwa mbili: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O. Anayeanza na oksijeni atafuta mpaka karatasi itoboke.

Mwisho kuna swali la asilimia. Haidrokaboni ina kaboni 82.76% na haidrojeni 17.24%, uzito wa molekuli 58. Gawa kwa uzito wa atomu, kaboni kwa 12 na haidrojeni kwa 1: 6.897 na 17.24. Gawa kwa ndogo: 1 na 2.5. Hapa ndipo mkono unapowasha kuikata 2.5 iwe 3, au 2. Usiikate. Zidisha zote kwa mbili, upate C₂H₅. Na hapo pia usisimame, kwa sababu haidrokaboni yenye idadi witiri ya haidrojeni haiwezi kutosheleza vifungo vyake vyote; jaribu kuichora, itabaki na kijiti kimoja hewani. C₂H₅ ina uzito 29, na 58 ni mara mbili yake. Andika C₄H₁₀, kisha chora isoma zake mbili ukiwa hapo hapo, maana kipengele kinachofuata mara nyingi ndicho hicho.