Kumbikumbi wamegandia boneti: nitawatoaje bila kuumiza rangi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Harrier nyeusi, nakaa Majengo hapa Moshi. Wiki iliyopita nilikuwa natoka Dodoma kupitia Babati. Kuanzia Minjingu mpaka Makuyuni mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika, kumbikumbi kama wamemwagwa barabarani. Nikafika nyumbani usiku, nikalala. Kesho yake Jumapili gari ikashinda juani. Jumatatu nikawasugua kwa lile dodoki la kijani la masufuria na sabuni ya unga. Wametoka, lakini boneti imebaki na michirizi ya mviringo na vidoa kama ukungu. Jirani anasema ningepaka dizeli. Fundi mmoja ameniambia rangi imeshakufa, nipige upya boneti nzima. Nifanyeje, na siku nyingine niwatoe vipi?

JIBU: Marahaba. Kabla hujatoa hela ya kupiga rangi, fanya jaribio la bure. Weka gari kivulini, boneti ikishapoa mwagia kikombe cha maji pale penye vidoa, kisha inama utazame kwa ubavu. Michirizi ikipotea palipolowa na kurudi pakikauka, basi haijavuka klia, na huyo aliyekuambia rangi imekufa anatafuta kazi. Halafu pitisha ukucha juu yake taratibu, bila kukandamiza. Ukiteleza, polishi itatosha. Ukinasa kama umepita kwenye ufa, hapo ndipo tutaongea habari za msasa na pengine kupiga upya.

Klia ni lile tabaka la juu lisilo na rangi, ndilo linalong'aa. Magari mengi hutoka kiwandani na klia ya mikroni 40 hadi 50. Unywele wa kichwani una mikroni 70 hivi. Kwa hiyo kinga yote ya Harrier yako ni nyembamba kuliko unywele, na kama gari limetumika Japani likapigwa polishi ili livutie mnunuzi, kinga hiyo imeshapunguzwa kiasi ambacho wewe hukijui. Polishi nzito moja inaweza kula mikroni moja mpaka tatu. Ndiyo maana sipendi kumsikia mtu akisema "nitasugua tu, halafu nitapolishi." Klia unayoila leo hairudi.

Michirizi yako ya mviringo haikuletwa na kumbikumbi, imeletwa na dodoki. Lile la kijani lina chembe za kukwangua ukoko wa wali, na wewe ulilipitisha juu ya gari lenye vumbi la kutoka Dodoma. Ulikuwa na misasa miwili mkononi kwa wakati mmoja. Vumbi la huku kwetu, kuanzia Makuyuni kuja Monduli na Kisongo, sehemu yake kubwa ni majivu ya volkano ya zamani. Likisagwa kati ya kitambaa na rangi linakata. Sabuni ya unga nayo imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo, basi ikaimaliza waksi yote iliyokuwepo, na zile punje ambazo hazijayeyuka zikasaidia kukwaruza.

Vile vidoa vya ukungu ndivyo vya wadudu. Kumbikumbi ni kifuko cha mafuta na protini. Gari likimgonga kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa anapasuka, majimaji yake yanaanza kuganda, na yakikauka yanashika kama ute wa yai sahanini. Anayeosha vyombo nyumbani kwako anajua tofauti ya sahani ya yai iliyolowekwa na ile iliyoachwa mpaka kesho. Ila sahani hailali juani. Boneti nyeusi iliyoshinda juani inaweza kuvuka nyuzi 70. Kwa joto hilo klia inalainika kidogo, uchafu ulioganda unasinyaa ukiwa umeng'ang'ania, na asidi zilizomo zinaanza kula taratibu. Usiku ule ulipofika gari lilikuwa bado halijaumia. Lililoliumiza ni jua la Jumapili.

Na nyeusi ina mkosi wake wa ziada. Mwaka 2006 watafiti wa Hungaria walieleza kwa nini baadhi ya wadudu wa majini huyafuata magari meusi na mekundu: rangi hizo hurudisha mwanga kwa namna ileile ya uso wa maji, mdudu akadhani amefika bwawani. Kereng'ende anatua na kutaga kabisa. Wenzao wa Brazili walishayachunguza mayai hayo na kukuta kwamba yakipigwa na joto kali hutoa asidi inayoila klia kama vile asidi ya salfa iliyozimuliwa. Ukiegesha karibu na mashamba ya mpunga ya Mabogini au Chekereni ukaona vijidoa vidogo ambavyo hukuvipata barabarani, huenda hukugonga kitu. Umetagiwa.

Sasa siku nyingine. Ukifika usiku umechoka, usijilazimishe kuosha gari zima. Mwagia maji mengi kwanza ili vumbi liondoke. Chovya taulo kuukuu kwenye ndoo ya maji yenye shampuu ya gari, lilaze juu ya boneti, jingine lilaze kwenye bampa na sho ya mbele, ule wavu wa kupitishia hewa, kisha nenda kaoge. Maji yakiwa vuguvugu ni bora zaidi, lakini yasiwe ya moto wa chai, hasa asubuhi za Julai kioo kikiwa baridi. Kioo chenye kaufa kadogo kinaweza kupasuka chote. Baada ya dakika 15 hivi linyanyue taulo. Nimesema linyanyue, usiliburute.

Juzi tuliletewa Noah nyeupe iliyotoka Karatu usiku, mbele haionekani rangi. Tukaifunika mataulo. Dakika tano, mabawa yakaanza kujitoa yenyewe, yanaelea kama maganda ya kitunguu. Dakika kumi, viwiliwili vikawa vyeupe, vimevimba kama wali uliolala kwenye maji. Kilichobaki kimeshika ni vile viduara vya njano, na hapo ndipo kijana wangu alipokunja mikono ya shati kuanza kusugua. Nikampa kikombe changu cha chai anishikie. Tukaloweka tena. Mara ya pili tulipangusa kwa kitambaa laini cha maikrofaiba kilicholowa chapachapa, mpanguso mmoja kwenda upande mmoja, kisha unakigeuza upande safi. Viduara vitatu vilikataa, tukaviloweka mara ya tatu. Hakuna aliyetokwa jasho.

Madukani kuna dawa za kupuliza za kutoa wadudu. Nyingi zina alkali laini, nyingine zina vimeng'enya vinavyoivunja protini, na zinafaa ukifuata sharti: bodi iwe baridi, dawa isikaukie hapo, suuza baada ya dakika chache. Huna dawa, tone la sabuni ya maji ya vyombo kwenye ndoo linatosha mara mojamoja, ila jua kwamba inapunguza waksi. Siki na soda za kola achana nazo. Unapambana na protini na mafuta, na kuongeza asidi juu ya asidi hakukusaidii. Mama mmoja wa Kibosho aliniuliza kuhusu magadi, kwa kuwa yanalainisha maharage. Kweli yanalainisha, lakini alkali yake ni kali na yana mchanga ndani. Yabaki kwenye kiburu cha ndizi na maharage.

Jirani yako na dizeli yake hajakudanganya moja kwa moja. Dizeli inalegeza mafuta ya mdudu. Lakini inaondoka na waksi, inazilainisha raba za milango, na ule mng'ao unaouona ni utando wa mafuta unaosubiri vumbi la kwanza. Petroli ni mbaya zaidi, na inawaka. Thina ndiyo usiiguse kabisa. Nilipokuwa mwanafunzi wa gereji nilimkuta nzi amefia kwenye bampa la mteja, nikaona nimtoe haraka kwa kitambaa chenye thina kabla bosi hajamwona. Bampa lilikuwa na siku mbili tangu lipigwe rangi. Klia ikajikunja mbele ya macho yangu kama utando wa maziwa yaliyochemka. Bosi hakunifokea. Alinipa msasa na ndoo ya maji, akaenda kula.

Hilo linakuhusu kama gari lako limewahi kupigwa rangi hapa mjini. Rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ikishakauka vizuri inavumilia. Rangi ya NC ya bei nafuu inakauka kwa hewa tu na thina inaiyeyusha tena hata baada ya miaka. Wengi hawajui walipigiwa ipi, na fundi aliyepiga hatakuambia. Kwa gari la namna hiyo maji, shampuu na subira tu, basi. Hata mashine ya presha isisogezwe karibu. Mdomo wake ukae nusu mita au zaidi, maana rangi iliyopigwa bila kuandaliwa vizuri, hasa kwenye bampa la plastiki, inabanduka kama ganda la yai la kuchemsha.

Taa za mbele ni plastiki ya polikaboneti iliyopakwa utando mwembamba wa kuzuia jua. Petroli na thina zinaipasua vijiufa vya ndani visivyofutika, na dawa ya meno ambayo vijana wa stendi wanaisifu ni msasa mlaini: inang'arisha leo, utando unaisha, baada ya miezi taa zinarudi njano kuliko mwanzo. Loweka kama bodi. Kioo cha mbele ndicho pekee kinachovumilia ukali kidogo. Wembe uliolazwa karibu na kioo, kikiwa kimelowa maji ya sabuni, unavua kila kitu. Usiuguse mkanda wa raba wa pembeni. Na usiwashe waipa kwenye kioo kikavu chenye wadudu. Utapaka mchuzi, halafu yale magamba yatakula raba za waipa.

Tukirudi kwenye boneti yako. Kama ukucha umeteleza, nunua kompaundi laini, yaani ile polishi ya kumalizia; ile ya kukata usiiguse. Osha, kausha, chukua sponji laini, fanya eneo la kiganja kimoja tu kwa mkono, pangusa uangalie. Ukiona ukungu umepungua, endelea na maeneo mengine, ukikwepa kingo na mikunjo ya boneti kwa sababu hapo klia huwa nyembamba zaidi. Mizunguko miwili. Kikibaki kivuli cha kidoa, kiache. Ninawaona watu wanakimbizana na kidoa cha ukubwa wa punje ya mtama mpaka wanatoboa klia, halafu wanakuja kupiga boneti nzima. Kivuli hicho utakiona wewe peke yako, na tena mwezi wa kwanza tu.

Ukimaliza paka waksi, kwa kuwa sasa hivi boneti iko uchi. Ya karnauba inakaa wiki kadhaa kwa jua letu, zile za maabara zinakaa miezi. Hazimzuii kumbikumbi kupasuka, ila zinafanya ashike waksi badala ya kushika klia, na taulo likipita anaondoka nayo. Kabla ya safari ya msimu wa vuli au masika mimi napaka boneti, bampa, vioo vya pembeni na ukingo wa paa juu ya kioo. Milango wala siisumbukii. Vaselini na mafuta ya nazi si waksi. Na ukioshea gari upande wa Usa River au Maji ya Chai, kausha papo hapo kwa kitambaa. Maji ya ukanda ule yana chumvichumvi nyingi, yakikaukia juani yanaacha madoa meupe ambayo nayo utaniandikia swali.

Kuna jambo hukuniuliza. Wadudu ulioona kwenye boneti ni wale waliokosa njia. Waliopenya kwenye sho wako kwenye kondensa ya AC na rejeta. Dalili yake utaiona ukipandisha mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu: AC inapoteza baridi, sindano ya joto inapanda. Fungua boneti injini ikiwa imepoa, tumia mpira wa maji wa kawaida, si presha, piga kutoka upande wa injini kuja mbele ili watoke walikoingilia. Yale mapezi ni laini, hata kidole kinayalaza. Mwanga wa tochi ukianza kupenya kutoka upande wa pili, acha.