Aiskrimu ya watu 150 hugawiwa jikoni, si uwanjani

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: aiskrimu ya kutengeneza nyumbani, wageni 150, joto la Pwani, igawiwe vipi ili wa mwisho apate sawa na wa kwanza? Ukingoja wageni wakae ndipo uanze kugawa, umeshachelewa. Kila mtu apimiwe chake aiskrimu ingali rojo, kikombe kimoja kimoja, igande humo humo. Siku ya shughuli anayegawa asiwe na la kukadiria, kazi yake iwe kukabidhi tu.

Tazameni kuchota uwanjani kunavyokwenda kombo. Aiskrimu iliyotoka kwenye friza sasa hivi ni ngumu, kwa hiyo mchotaji anachuna vipande vyembamba vinavyojikunja, na watu wa mwanzo wanapata donge lenye uwazi ndani. Ikianza kulainika, kijiko kinaikandamiza, hewa inatoka, na kijiko kile kile kinabeba uzito mkubwa zaidi. Wanaofaidi ni wa katikati. Wa mwisho wanakunywa maziwa ya sukari. Hapo bado sijataja mkono uliochoka, wala mtoto wa shangazi aliyepita mara ya tatu. Hakuna aliyekusudia kumpunja mtu, lakini wapo waliopunjika.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nunua vikombe vya mililita 100 vyenye vifuniko, kila kimoja kitiwe mililita 80. Usijaze mpaka ukingoni, kwani rojo hutanuka likiganda na kifuniko hufyatuka. Kwa wageni 150 ongeza sehemu moja ya kumi, viwe vikombe 165. Mara mililita 80 ni lita 13 na kidogo. Tengeneza lita 14, maana nyingine itabaki imeganda kwenye sufuria na mwiko.

Pishi moja, yaani mkupuo mmoja wa kupika, lina maziwa ya ng'ombe lita 1, krimu mililita 250, maziwa ya unga gramu 80, sukari gramu 210, unga wa kastadi gramu 30, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Hiliki au vanila, upendavyo. Chemsha maziwa kwanza yatokote kweli, kwa sababu baridi ya friza haiui vijidudu, huvilaza tu. Koroga kastadi na maziwa ya unga kwa maziwa baridi kidogo uliyoyaweka kando, mimina kwenye sufuria, endelea kukoroga mpaka lishike mwiko. Sukari na chumvi zitie hapo. Likipoa, tia krimu, kisha lilaze kwenye jokofu usiku mzima. Usiibe kwenye sukari ukidhani unawasaidia wageni: ndiyo inayozuia aiskrimu isiwe jiwe la barafu.

Kesho yake mimina kwenye trei bapa, weka kwenye friza mpaka kingo zigande, kwa muda wa karibu saa tatu. Toa, piga kwa mikisa, rudisha kwa saa moja na nusu, piga tena. Sasa ni zito kama uji wa mgonjwa na limeongezeka kwa hewa. Pishi moja hutoa karibu lita moja na robo tatu. Mapishi manane yanatimiza lita 14.

Kujaza vikombe ndiko kugawa kwenyewe, na ndiko watu wanakofanya haraka. Pima maji mililita 80 kwenye kikombe kimoja, piga mstari kwa nje usawa wa maji, kisha upigie mstari huo huo vikombe vyote. Mimina rojo kwenye ndoo, ulikoroge kabla ya kila upawa. Povu hupanda juu na maziwa hushuka chini, hivyo usipokoroga vikombe vya kwanza vitajaa hewa na vya mwisho vitakuwa vizito, ingawa kwa macho vyote viko sawa. Mizani ndogo ya jikoni itakuambia: kikombe cha mililita 80 kiwe na aiskrimu ya karibu gramu 70, bila kuhesabu kikombe chenyewe. Pima kimoja katika kila kumi. Ukiona 60 kisha 78, rudi ukakoroge.

Zabibu, korosho na vipande vya tende visitiwe kwenye ndoo kabisa. Huzama, na mtu mmoja hupata korosho saba, mwenzake asipate hata moja. Tia kijiko kimoja cha chai katika kila kikombe kabla ya kumimina. Korosho ziwe kwenye vikombe vyenye alama kwenye kifuniko, maana wapo ambao zinawadhuru. Asiyetumia maziwa aandaliwe barafu ya ukwaju au ya embe katika kikombe cha kipimo kile kile, na idadi yao iulizwe mapema.

Kuhusu ladha, nina ugomvi na wanaoleta nne. Ladha nne maana yake ni foleni nne, na ile ya embe itaisha kabla ya upande wa pili kufikiwa. Leta moja. Ukishindwa, leta mbili katika kikombe kimoja: mililita 40 za vanila, ziache zishike juu kama saa moja, kisha 40 za embe. Pishi la embe hupunguzwa maziwa mililita 300, badala yake unatia rojo la embe gramu 300 likiwa limeshapoa, na sukari inashuka hadi 170. Embe ukilitia kwenye maziwa ya moto yatakatika.

Friza ya nyumbani haiwezi kugandisha vikombe 165 kwa mpigo. Ukivishindilia vyote, vitaganda polepole na kujaa chembe za barafu zinazokwaruza ulimi. Weka 40 au 50 kwa siku, bila kupandanisha mpaka viwe vigumu, kwa hiyo anza siku nne au tano kabla. Umeme ukikatika usifungue mfuniko kuchungulia. Friza ya kulala iliyojaa huweza kuhifadhi nyama ikiwa imeganda kwa siku mbili hivi, lakini aiskrimu hulainika mapema zaidi kwa sababu ya sukari. Iliyoyeyuka ikapata joto haigandishwi tena kupewa wageni.

Asiye na vikombe agandishe kwenye trei ya sentimita 30 kwa 20, kina sentimita 4. Kata kwa kisu kilichochovywa maji moto na kufutwa, mistari ya kugawanya urefu sehemu sita na upana sehemu tano. Utapata vipande 30 vya mililita 80. Katia jikoni, tenganisha kwa karatasi ya kuokea, rudisha kwenye friza. Trei tano zinatosha 150, na ya sita ni akiba.

Kama friza iko mbali na uwanja, tumia madeli mawili, makasha ya kutunzia baridi. Kila kilo 4 za barafu iliyopondwa changanya na kilo 1 ya chumvi ya mawe. Mchanganyiko huo hushuka kati ya nyuzi 10 na 15 chini ya sifuri, baridi ambayo barafu peke yake haiifikii. Vikombe viwe ndani ya ndoo iliyofunikwa, katikati ya barafu hiyo, maji ya chumvi yasiingie. Vitakaa muda wa saa mbili au tatu kivulini.

Kugawa sasa. Panga vikombe 25 kwa sinia, masinia sita. Wageni wabaki mikekani, asiitwe mtu kwenye foleni. Foleni ni ya wenye nguvu na watoto wenye mbio. Wanaume na wanawake wakikaa mbalimbali, wahesabiwe kabla ya wali kuondolewa, na pande zote mbili zianze kwa wakati mmoja, sinia moja moja. Ndani ya kila upande wapewe wazee, kisha anzeni kwa walio mbali na jiko mkirudi nyuma. Walio karibu na jiko wanaona kila kinachopita na hawatasahauliwa. Sinia jingine lisitoke kabla la kwanza kuisha, kwani kwa joto hilo kikombe kidogo huanza kulegea ndani ya dakika kumi. Watoto wapewe kikombe sawa na cha mkubwa. Ukiwapunguzia, mama zao watawagawia chao na hesabu yote itavurugika.

Vikombe 15 vya akiba vibaki chini kabisa ya friza, na ajue mtu mmoja tu. Ni vya wapishi, dereva, aliyechelewa, na mtoto aliyeangusha chake. Wanaoomba cha pili wajibiwe baada ya wapishi kukaa na kula.